Kwa Nini Anayepiga Chafya Hugeuza Uso

Hapo kale, wajukuu zangu, mtu wa milimani alipiga chafya akimtazama mwenzake usoni, na aliyerushiwa alijifuta tu, maongezi yakaendelea. Mnacheka? Hata nyinyi mngefanya hivyo hivyo. Mafua yaliaminiwa kuwa ya ukungu, hushuka nao na kuondoka nao, basi hakuna aliyemlaumu mtu.

Siku hizo mtoto akitimiza siku saba alipulizwa. Mwanamke mkubwa wa ukoo alimpakata, akamsogezea mdomo puani na kumpulizia mara tatu, ili apate pumzi ya kupandia milima. Mpulizaji wa ukoo mmoja alikuwa Nakijwa. Nusu ya vijana wa kijiji walipita mikononi mwake, naye alijivuna kwa hilo kupita kiasi. Akimwona kijana anapanda mlima mbio, husema, "Pumzi hiyo ni yangu."

Basi Namkunda, mke wa mjukuu wake, akajifungua mtoto wa kiume. Asubuhi ya siku ya saba Nakijwa aliamka pua zimeziba, koo linamkereketa na mwili wote unamuuma. Desturi aliijua: mpulizaji akiumwa, kazi humwendea mdogo wake, Nasemba. Roho ikamuuma kuliko mwili. Nasemba ampulize kitukuu chake? Akanawa uso, akatafuna tangawizi ili sauti isimsaliti, akaenda.

Alipuliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndipo chafya ikamtoka, pale pale, usoni mwa mtoto. Akamfuta kwa kiganja huku akicheka, na watu wote wakacheka naye.

Siku ya tatu mtoto hakuweza kunyonya. Pua ilikuwa imeziba, kifua kinakoroma, analia bila sauti. Wiki hiyo jua lilikuwa kali na ukungu haukushuka hata kidogo, kwa hiyo watu wakatafuta wa kumlaumu, wakampata mama yake. Mama mkwe akasema mbele ya watu, "Umemwogesha maji ya baridi wewe. Uvivu wa kuchemsha maji utatuulia mtoto."

"Nilichemsha, mama," Namkunda alisema. Hakuna aliyemsikiliza.

Nakijwa alikuwa ameketi karibu na mlango, kitambaa cha kufutia kamasi amekikunja ndani ya ngumi. Alitaka ardhi ipasuke immeze. Angeweza kunyamaza, kwani nani angemshuku mpulizaji? Lakini alimwona yule binti akimfuta mtoto pua taratibu, akimwegemeza wima kifuani, akimnyonyesha kidogo kidogo kila alipopata nafasi ya kuvuta hewa, huku machozi yakimtiririka kwa kosa lisilo lake.

"Mwacheni," akasema, na sauti ilimtoka imekwaruza, kila mtu akaisikia. "Nilikuja naumwa. Nilificha kwa sababu sikutaka Nasemba ashike nafasi yangu. Ugonjwa huo ni wangu, nimempulizia mimi. Nisamehe, mwanangu."

Nasemba aliinamisha kichwa, na mama mkwe akatoka nje kwenda kuteka maji.

Mtoto alipambana siku tisa, akapona. Siku ya kumi Namkunda alimleta kwa bibi, akamnyooshea ampakate. Kikohozi kilikuwa bado kimemkaa Nakijwa kifuani, nacho kikamjia wakati huo huo. Akarudi nyuma, akageuka ukutani, akaufukia uso wake kwenye kiwiko. Kisha akanawa mikono, lakini hakumshika mtoto. Siku zilizofuata alimtazama akiwa mlangoni tu, mpaka kikohozi kilipokwisha.

Waliomwona wakaiga. Kupuliza watoto kukaachwa, na mwenye mafua akazoea kukaa mbali na mzazi na kichanga chake. Na tangu hapo mpaka leo, mtu akipiga chafya hugeuka na kuficha uso kwenye kiwiko. Huko mnakosoma mtaambiwa ni adabu. Mimi ndiye niliyepulizwa, na nawaambia kwamba ilianza kwa aibu ya bibi yangu, ambaye hakuwahi kunipakata tena bila kuuliza kwanza, "Mama yako ameniruhusu?"