Kikombe Ng'ambo ya Mtaro

"Atazamaye mtaro hulala mtaroni." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia bi harusi maneno hayo, mkacheka mkidhani anamtania. Sogeeni basi, na aliyekosa kibao akae mkekani. Methali hii ilianza hivi.

Kijiji cha Kwemtindi kiko juu mlimani, na masika yakiingia magari hayapandi. Dawa za zahanati zililetwa kwa farasi. Farasi mzee alipokufa, akaletwa kijana wa miaka mitatu, jina lake Mapepe, na mapepe kweli anayo: jani likipeperuka tu, yeye huyo, mbio! Saisi wake, yaani mtunzaji na mpandaji wake, alikuwa Mwajabu Shekilindi, aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake.

Shida ilikuwa mtaro. Mvua za mwaka uliotangulia ziliikata njia, ukabaki mtaro wa kumfika mtu kiunoni, na kuuzunguka ni safari ya saa tatu. Siku ya kwanza kujaribu kuuruka, farasi na saisi walitumbukia wote wawili. Mwajabu alitoka bega limeteguka.

Mwenyekiti wa kijiji akakata shauri. "Masika yakifika hajauruka, anarudi alikotoka. Dawa zitapanda kwa njia nyingine."

Mwajabu alijua hakuna njia nyingine. Na dada yake alikuwa na mimba changa.

Hakubishana. Bega lilipopoa, alilaza ufito chini, akamwongoza Mapepe auvuke kwa kutembea. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa, mpaka farasi hakuujali tena. Akauinua usawa wa kifundo cha mguu, halafu wa goti. Wakaingia shamba la viazi kuruka vifereji, kwanza vyembamba, baadaye vipana. Farasi akiruka, alimkuna shingo na kumsifu. Akigoma, walirudi kwenye kile cha jana. Miezi ikapita, Mapepe akawa anaruka gogo la mkaratusi, masikio yamesimama kama anayeuliza jingine liko wapi.

Wakarudi mtaroni. Kijiji kizima kilikuwepo. Hata Shemdoe muuza kahawa alihamishia birika lake ng'ambo ya pili, maana umbea haunogi mdomo ukiwa mkavu. Mapepe akaja mbio, akafika ukingoni, akafunga breki. Siku saba, vile vile.

"Mpelekeni akavute mkokoteni!" watu wakapiga kelele.

"Huyu farasi mwoga," Mwajabu alisema akihema.

"Farasi?" Shemdoe akacheka kule ng'ambo. "Dada Mwajabu, kazi yangu mimi ni kahawa na kutazama nyuso za watu. Nikupe umbea wako mwenyewe?"

"Sema, unanichelewesha."

"Kwenye gogo unatazama mbele. Hapa ukikaribia, macho yanashuka mtaroni na mikono inavuta hatamu. Siku saba niko mbele yako hujanitazama hata mara moja, na mimi mwanamume mzuri hivi!"

Watu wakaangua kicheko. Mwajabu hakucheka. Bega lilimuuma palepale lilipoteguka, akajua ni kweli. Muda wote ule alimfundisha farasi, nafsi yake akaiacha ndani ya mtaro.

"Inua kikombe," akasema. "Usikishushe mpaka nifike."

"Kimejaa, dada!"

"Basi usikimwage."

Akarudi nyuma, akaja. Mtaro ulimwita, macho yake yakaganda kwenye kikombe. Hatamu zikalegea. Alihisi mgongo wa Mapepe ukijikusanya, kisha kwato zikanyamaza. Zilipogonga ardhi tena, birika lilikuwa huku, kibao kule, na Shemdoe kalala chali, kikombe kitupu bado kakiinua.

"Hebu tena," Mwenyekiti alisema, hayaamini macho yake.

Wakaruka tena. Na tena.

Masika yaliingia kwa kishindo. Dada yake alijifungua, damu ikakataa kusimama, na zahanati dawa ilikuwa imekwisha. Mwajabu alimpanda Mapepe, akashuka bondeni na kurudi, mfuko wa dawa kauvaa mgongoni. Damu ilipokatika, mkunga akamuuliza maji ya mtaroni yalikuwa yamefika wapi.

"Sijui," alijibu, akimfuta Mapepe matope. "Sikuyatazama."

Na kichanga yule wa siku ile ndiye shangazi yenu, huyo mliyemcheka sasa hivi. Akimwambia bi harusi neno hilo, ana haki nalo: atazamaye mtaro hulala mtaroni.