Bi Kindi na Kibali cha Banda

Paukwa!
(Pakawa!)
Masikio yamekaa?
(Yamekaa!)
Na midomo imefungwa?
(Imefungwa!)
Mbona imejibu? Haya, tuiache. Pakawa…

Pakawa mji wa wanyama. Katikati ya mji, bustani. Katikati ya bustani, banda zuri la makuti. Banda hilo alilikodi Bi Kindi, na kila asubuhi alifundisha humo watoto wadogo: watoto wa panya, vifaranga wa kanga, na mtoto mmoja wa nungunungu ambaye hakuna aliyetaka kukaa karibu naye. Jua likiwaka, banda linawakinga. Mvua ikinyesha, banda linawakinga.

Lakini kibali cha kukodi banda kilikuwa na mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa leo. Jua likizama kabla hakijapigwa muhuri upya, basi, banda limekwenda, na watoto watasomea mvuani.

Msimamizi wa bustani alikuwa Bwana Kiboko. Mkubwa huyo! Akiingia ofisini, ofisi imejaa. Wenye shida hubaki nje, wakapanga foleni dirishani. Na Bwana Kiboko alilitamani sana lile banda, awe anajilaza humo kila akitoka kula.

Bi Kindi akafika na kibali chake mkononi na kikapu cha viazi vitamu kichwani, chakula cha watoto.

"Hodi, hodi!"

"Nani?"

"Mimi Kindi. Shikamoo, Bwana Kiboko. Nimekuja kuhuisha kibali cha banda."

"Marahaba. Na kikapuni mna nini?"

"Viazi vya watoto, Bwana."

Sasa ngojeni niwaambie jambo. Katika mji ule, wanyama wa majini na wanyama wa mitini walikuwa watani tangu zama za mababu. Mtani akikunyang'anya kitu, unacheka. Mtani akikusema vibaya, unacheka. Na yeyote anayekasirikia utani hupakwa majivu uso mzima, akazungushwa sokoni watu wamwone.

Bwana Kiboko akatoa mdomo dirishani, mdomo mpana kama mlango. Chwap! Viazi vyote, na kikapu chenyewe. Kachu, kachu, kachu!

"Utani ni utani!" akasema. "Unacheka, hucheki?"

Bi Kindi akacheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. "Ninacheka, Bwana. Na muhuri?"

"Muhuri umechoka. Rudi baadaye."

Bi Kindi akaenda, akarudi. Safari hii alibeba mkeka, akae akingoja.

"Hodi, hodi!"

"Nani?"

"Mimi Kindi. Nimekuja kuhuisha kibali cha banda."

"Na hapo kwapani mna nini?"

"Mkeka wangu, Bwana."

Chwap! Mkeka ukaingia dirishani, Bwana Kiboko akaukalia. Mkeka ukalia nyaaa, ukanyamaza kabisa.

"Utani ni utani! Unacheka, hucheki?"

"Ninacheka, Bwana. Na muhuri?"

"Muhuri unapumzika. Rudi jua likizama."

"Jua likizama, kibali kitakuwa kimekufa!"

"Ala! Basi utakuja kuzika," akasema Bwana Kiboko, na tumbo lake likacheka kabla yake.

Bi Kindi akasimama pembeni ya foleni, machozi yakimlengalenga. Jua lilikuwa limeshaanza kuteremka. Kwenye foleni alikuwapo Bi Bata, aliyetaka kibali cha kufundishia wanawe kuogelea katika bwawa la bustani.

"Mtani wangu we," Bi Bata akamwita, "mbona mkia umelala hivyo kama ufagio wa mvivu?"

"Niache, mwenye miguu ya sepetu," akajibu Bi Kindi, akamkwanyua unyoya mmoja mgongoni.

Bi Bata akaruka. Uso ulitaka kukunja ndita, lakini foleni nzima ilikuwa inamtazama. Akacheka. "Kwaa, kwaa, kwaa! Utani ni utani!"

Bi Kindi akautazama ule unyoya. Akamtazama Bi Bata, jinsi anavyocheka huku anajikuna mgongo. Ule mkia uliolala ukainuka taratibu.

Akaenda dirishani mara nyingine.

"Hodi, hodi!"

"Nani tena?"

"Mimi Kindi. Bwana Kiboko, mimi mdogo, nasahau upesi. Hebu nikumbushe, mimi na wewe ni nani?"

"Watani!"

"Sema kwa sauti, Bwana, wenzangu wa nyuma hawakusikia."

"WATANI!" akanguruma, madirisha yakatetemeka.

"Na mtani akinyang'anywa hufanya nini?"

"HUCHEKA! Anayenuna apakwe majivu!" Akafungua mdomo, tayari kwa viazi vingine.

Lakini Bi Kindi hakuleta viazi. Alijileta mwenyewe. Ruu! Akapita dirishani. Tip, tip, tip! Akakimbia juu ya mgongo wa Bwana Kiboko mpaka mezani. Akanyakua muhuri, akauchovya kwenye wino.

Pwa! Kibali cha banda kikahuishwa.

"Weee! Lete hapa!" Bwana Kiboko akataka kugeuka. Atageukia wapi? Ofisi imejaa yeye.

"Leteni na vyenu!" Bi Kindi akaita. Vibali vikapitishwa dirishani. Pwa! Bwawa la Bi Bata. Pwa! Uwanja wa mpira wa akina Ngedere. Pwa! Pwa! Foleni iliyosimama tangu asubuhi ikaisha kabla mtu hajakohoa.

Bwana Kiboko akavimba. Akavimba tena. Masikio yakatoa mvuke.

"Mtani," akauliza Bi Kindi kwa upole, "umekasirika?"

Watu wote wakasogea dirishani. Mmoja alikuwa tayari ameshika bakuli la majivu.

"Nani? Mimi?" Bwana Kiboko akakenua meno. "Ha. Ha. Ha."

"Hapo sawa." Na wino uliobaki, Bi Kindi akampiga nao muhuri katikati ya paji la uso. Pwa!

Bwana Kiboko akatoka mbio na kujitosa mtoni, chubwi! Tangu siku hiyo hushinda majini, amejificha mpaka puani, wino utoke. Hautoki. Ni wino wa serikali.

Funzo lake, wanangu: mtoto mwema hungoja zamu yake, haingilii dirishani, na hashiki muhuri wa ofisi. Bi Kindi alikosa adabu sana. Mkitaka kumkanya, yuko bandani, anafundisha. Ila ingieni kimya, msije mkawakatisha watoto wakiimba.

Hadithi yangu nimeikunja. Kama ni tamu, gawaneni. Kama ni chachu, nirudishieni nikaitie sukari.