Karatasi ya Vitumbua

Ndugu zangu, mlio barazani sogeeni ndani kidogo, maana leo sitapaza sauti. Jambo lenyewe si la kupigia kelele.

Kulikuwa na mama mmoja mshonaji, mjane, mwenye binti mmoja tu. Binti alikuwa muuguzi mji wa mbali, na huku nyumbani alishaposwa, posa ikajibiwa, imebaki kupanga siku. Macho ya mama yalishachoka na sindano, herufi za simu hayazioni. Basi binti akawa anamwandikia kwa barua pepe, na mama anaifuata barua yake kwenye steshenari ya mtaani, pale wanapochapa na kutoa kopi.

Mwenye steshenari alikuwa mtu mwema, sitaki mumdhanie vibaya. Ndiye aliyemfungulia mama ile barua pepe. Neno la siri akalitunga yeye, akaliandika kwenye kipande cha boksi alichokibandika nyuma ya meza, pamoja na maneno ya siri ya nusu ya mtaa.

"Sasa mwanangu, mimi nitalikumbuka vipi?" mama akauliza.

"La nini ulikumbuke, mama, na mimi nipo? Ukija nakufungulia, nakuprintia kwa maandishi makubwa, unakwenda kusoma kwako kwa raha."

Mama akaona amepata mtu. Nani kati yetu asingeona hivyo?

Chini ya meza palikuwa na boksi la karatasi zilizoharibika. Kila Alhamisi muuza vitumbua alikuja kuzichukua za kufungia. Mama alilijua boksi hilo. Siku moja alifungua vitumbua vyake akakuta kwenye karatasi matokeo ya mtihani ya mtoto wa jirani, maskini, amefeli karibu kila somo. Akayasoma mpaka mwisho, akacheka peke yake, akala. Hakujiuliza lolote.

Ikaja barua moja. Mama aliisomea chumbani kwake, na mpaka anamaliza ncha ya khanga imelowa. Binti ameugua huko aliko, amepasuliwa, kizazi kimetolewa. Hatazaa. "Mama," aliandika, "nimekuambia wewe peke yako. Nakuja baada ya wiki mbili, nitamwambia mchumba wangu mwenyewe, kwa mdomo wangu. Akinikataa, anikatae akiwa ananitazama."

Mama akaikunja barua akaificha chini ya godoro. Hakumwambia hata dada yake wa tumbo moja. Siku zote zile alishona na kuitikia salamu za watu, moyo unavuja damu.

Lakini siku ile barua ilipochapwa, wino wa printa ulikuwa unaishia. Karatasi ya kwanza ilitoka na michirizi, mwenye steshenari akaprinti nyingine iliyo safi. Ile mbovu akaisukumia chini ya meza, na mama akiwa amesimama pale pale anangoja yake.

Ijumaa asubuhi shangazi wa yule mchumba alinunua vitumbua vinne. Michirizi ilikuwepo, ndiyo, ila jina la binti lilisomeka vizuri tu.

Mshenga alikuja kuvunja posa kabla binti hajafika. Alikaa ukingoni mwa kiti, chai hakuigusa. Alipoondoka, mama akaenda steshenari hata viatu hakuvaa.

"Mwanangu, uliisoma barua yangu?"

"Wallahi, mama, sikusoma hata neno moja. Mimi kazi yangu kuchapa."

Na alisema kweli.

Binti alifika akakuta mtaa mzima unampa pole kwa jambo ambalo hajalisema. Mchumba wake alikuja siku ya tatu, akasimama mlangoni, macho chini. "Ungeniambia wewe, ningekusikiliza," akamwambia. "Lakini kwetu walishakaa wakaamua, na mimi sikuwa na neno lako hata moja la kuwajibu." Akaenda zake.

Binti hakulia mbele ya mama yake. Alimuuliza moja tu. "Mama, mimi nilikuambia wewe. Wewe ufunguo ulimpa nani?"

Nawaona, mmeshaanza kumlaani mwenye steshenari. Ngojeni kwanza. Nani humu aliwahi kusoma yale maelezo marefu kwenye simu kabla ya kubonyeza "Nakubali"? Tumeambiwa ni bure, ni rahisi, acha tukutunzie, nasi tukashukuru. Je, tuliuliza karatasi mbovu zinakwenda wapi?

Mtu atasema, "Ah, mimi sina cha kuficha." Sawa, huna. Lakini ile barua ilikuwa ya nani, ya mama au ya binti? Humo kwenye simu yako mna ugonjwa wa rafiki yako, mna aibu ya ndugu yako, mna machozi ya mkeo. Wao walikuamini wewe. Yule mwenye mtambo anayekutunzia hayo hawamjui. Wazee walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na sisi kata tumeiacha nje kwa kila mwenye kiu. Amana si yetu, ndugu zangu. Hatuna ruhusa ya kumpa mtu amana ya mwenzetu ati kwa sababu anatuhudumia vizuri.

Mama yule bado anashona. Binti yake humpigia simu kila Ijumaa, hajakosa hata moja. Humuuliza macho yanaendeleaje, huulizia majirani, huulizia mvua. Lake mwenyewe hamwambii tena.