Hodi ya Tatu

Niitikieni "tupo!" niwape niliyoyaona kwa macho haya haya, maana nilikuwa karibu kuliko bawaba za mlango.

Siwema alimnunia mdogo wake, Mshamu, kwa kumvunjia mbuzi yake ya kukunia nazi. Mshamu akaja, akapiga hodi mara tatu. Siwema alimsikia, akaendelea kuchambua mchele. Hodi tatu zisipojibiwa, mgeni huenda zake, ndiyo ada. Mshamu akaenda, na siku ile ile akajitoa uhai.

Baada ya arobaini, zimwi likaja na sauti ya Mshamu.

"Hodi, dada!" Siwema akajificha uvunguni.

Kesho yake, "Hodi, dada!" Akaziba masikio.

Siku ya tatu akafungua.

"Karibu. Siku ile nilikusikia, mdogo wangu. Nilinyamaza makusudi."

Zimwi likanywea hadi kimo cha paka. "Hukujua, dada," likasema, likaondoka.

Tangu hapo Siwema huitikia hodi ya kwanza, hata mikono ikimchuruzika tui.

Haya, moja nimelitia mwenyewe: lile "hukujua." Zimwi liliondoka kimya. Ila mimi, na ulimi wangu huu mrefu, nilishindwa kumwacha Siwema pale mlangoni bila jibu.