Tonge la Kivuli

Sogeeni karibu, tena nyamazeni. Leo siwaletei hadithi ya kulalia. Nawaletea kesi. Nimeisimulia mahali pengi, na kila mara watu huondoka wamenuniana. Nanyi mkinuniana, msinilaumu mimi.

Katika mji wa Mwangoni waliishi watu watatu wenye vipaji. Kitwana alikuwa na kipaji cha lugha. Alibeba chumvi kwenda bara tangu ujana wake, na kila alikolala alirudi na maneno ya watu wa huko. Shekuwe alikuwa malenga. Ulimpa jambo dogo la kawaida, akakurudishia limekuwa wimbo unaokunyima usingizi. Mize, muuza uji, hakujua kutunga wala kutafsiri. Kipaji chake kilikuwa kukumbuka watu. Ukinywa uji kwake mara moja, hakusahau ulivyoshika kikombe.

Mwaka mmoja mvua ilikataa. Visima vilikauka, mifugo ikaisha, watoto wakawa wanalia bila machozi. Watu walikamua matope kwa kanga wapate tone la kulowesha midomo ya wagonjwa. Mji mzima ulijua kwamba wa kuwaokoa ni mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa hasemi.

Huyo ni Nyamizi, mjane wa mchimba visima, mwanamke aliyeolewa kutoka mbali, bara. Ukoo wa mumewe ulikuwa na mwiko: mahali penye maji yaliyofichika hutajwa katika sikio la mtu mmoja tu, naye huwaonyesha wengine pa kuchimba siku ya shida. Waliamini kwamba maji yakitajwa kwa sikio lisilo lake huzama, yasipatikane tena. Mume alipokuwa anakufa alimnong'oneza Nyamizi, amtunzie mtoto wao Masele mpaka akue. Masele hakukua. Homa ilimchukua akiwa bado anang'oka meno ya utotoni.

Hapo ndipo watu wa Mwangoni walipokosea. Desturi yao ni kwamba siku ya kuondoa tanga, kila aliyemjua marehemu husema jambo moja analomkumbukia, tena kwa lugha ya mama yake, maana ndiyo aliyobembelezewa. Sasa huyu mama ni mgeni, lugha yake nani anaijua? Kitwana alikuwa safarini. Basi watu wakakaa mkekani, wakasema pole kwa lugha yao wenyewe, pole zile zile anazopewa kila mfiwa, wakala wali, wakakunja mikeka, wakaenda zao wakidhani wamemfariji. Nyamizi aliona mwanawe amezikwa kama mtu asiyejulikana na yeyote. Tangu siku hiyo hakusema neno, na chakula alikionja tu.

Leo wale wale wanamjia na ndoo. Ningekuwa mimi, nisingewafungulia mlango.

Kitwana alitangulia. Alipiga magoti akamwomba kwa lugha ya kwao, bila kukosea hata kidogo: watoto wanakufa, tuonyeshe maji. Nyamizi alishtuka kuisikia lugha ile, akamtazama, kisha akaona kumbe naye amekuja kuomba tu kama wenzake. Akageukia ukutani.

Shekuwe akafuata na wimbo wa maombolezo. Aliimba ua lililokatwa na nyota iliyozimika, mpaka watu waliosimama uani wakalia. Nyamizi hakulia. Ua na nyota havikuwa mwanawe.

Mize akaingia wa mwisho. "Mama Masele, mwenzangu, mtoto wako alikuwa..." akasema, kisha akashindwa. Kilio kilimkaba, akatoka nje amejifunika kanga.

"Alikuwa nini?" Shekuwe akamuuliza pale uani.

"Alikuwa akija kwangu na kipande cha ugali," Mize akasema. "Kabla hajala, alimega tonge akaliweka chini, kwenye kivuli chake. Nikamuuliza, wewe, mbona unatupa chakula? Akaniambia, nacho kimeshinda juani na mimi, kina njaa."

Shekuwe alikaa vumbini palepale. Alipoinuka alikuwa na wimbo mfupi, usio na ua wala nyota. Ulisema kwamba kivuli kimerudi nyumbani peke yake, kimekaa mlangoni kinangoja tonge, na aliyekuwa akikimegea hayupo.

Kitwana akauchukua autie katika lugha ya Nyamizi. Alisumbuka sana na neno moja, tonge. Kule bara kuna neno la chakula chochote cha kumega, na kuna jingine ambalo akina mama hulitumia kwa kile wanachomfichia mtoto aliyechelewa kurudi. Akachagua hilo la pili. Wala hakuuimba amesimama. Kule, habari ya mtoto aliyekufa huambiwa mama kwa kunong'ona, mmekaa chini bega kwa bega. Akaingia, akakaa hivyo, akanong'ona.

Nyamizi alilia. Alilia kilio alichonyimwa siku ya tanga, kikamtoa jasho, na wanawake waliokuwa uani wakashikana mikono kwa aibu. Kisha akasema, kwa lugha ya Mwangoni, sauti imekwaruza, "Chimbeni zizini kwa mbuzi."

Walichimba. Maji yakatoka, machafu, machache. Watoto walipata funda funda, na papo hapo yakaanza kupungua. Jumbe wa mji akarudi mbio kwa Nyamizi, akamkuta amelala, anavuta pumzi kwa shida.

"Kisima hicho ni kidogo," Nyamizi akasema. "Kipo kikubwa ambacho hakikauki. Nitamtajia mmoja, naye atakuwa mwanangu, arithi nyumba hii na jina la Masele lisipotee. Nitamtajia yule aliyesema nami leo. Maneno nimeyasikia, sijajua ni ya nani. Niambieni nyinyi, ila msikosee. Mkinipa sikio lisilo lake, maji yatazama."

Jumbe akawaita wote watatu.

"Ni mimi," akasema Kitwana. "Neno lililomfungua nimelichagua mimi. Hawa wangemwimbia mpaka kesho naye angekuwa anatazama ukuta."

"Lugha ulikuwa nayo tangu ulipoingia mara ya kwanza, ndugu yangu, na mama wa watu alikupa mgongo," akajibu Shekuwe. "Mize naye alikuwa na tonge la ugali, basi. Nani aliyemwambia kwamba kivuli kimerudi peke yake? Hakuna aliyekiona. Nimekitoa kichwani mwangu, na ndicho kilichomliza."

Mize alikuwa amekaa kizingitini. Hakutaka kusema, Jumbe akamlazimisha.

"Mimi sijui kama nimesema naye," akasema. "Nilimwona mtoto, nikamuuliza kitu, akanijibu. Nyote mlikuwa mnapita pale kila siku. Mngemuuliza hata nyinyi."

Watu wakagawanyika. Wengine walimtaka Kitwana, kwa kuwa bila yeye mama asingesikia kitu. Wengine Shekuwe, kwa kuwa habari tupu haimgeuzi mtu. Wengine Mize, kwa kuwa pasipo jambo la kweli hakuna cha kutunga wala cha kutafsiri. Wakapandishiana sauti pale pale karibu na mgonjwa. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma akasema polepole, "Mnagombana bure. Aliyesema na Nyamizi ni Masele mwenyewe. Maneno ya kivuli ni yake."

Jumbe akamgeukia. "Mama, Masele hana sikio tena. Mimi natafuta sikio."



Sasa ndugu zangu, hapo ndipo ilipofika, na mimi siwezi kuipeleka mbele. Nyamizi ameinua kichwa kidogo kutoka kwenye mto wa kulalia, anangoja mtu mmoja ainame. Kitwana amesimama, Shekuwe amesimama, Mize yuko kizingitini ameinamisha uso. Je, wewe ungeamua vipi? Usiniambie bado unafikiri. Kule zizini ndoo zimeanza kukwaruza mchanga mkavu.