Kazija na Vizimwi Arobaini

Zimwi lilipomwiba Mbaruku, mtoto wa miaka mitano, dada yake Kazija alivaa sufuria ya mama kichwani kama kofia ya askari, akavuka dunia sita za majoka na majitu.

Katika dunia ya saba akakuta Mbaruku kageuzwa kizimwi, kachanganywa na vizimwi vingine thelathini na tisa, vyote pembe na manyoya yaleyale.

"Chagua kimoja," likacheka Zimwi. "Ukipatia, nendeni zenu. Ukikosea, nawala nyote wawili."

"Sawa, babu. Ila nina njaa. Naomba mchele na nazi, nipike kwanza."

"Pika! Lakini wali nitaula mimi."

"Ule tu, babu. Mie mdogo, hata makombo yananitosha."

Zimwi likala wali wote, likajilamba masharubu. Kazija akachungulia ukoko uliogandia chini ya sufuria, akasema kwa sauti, "Ukoko wote wangu leo!"

Kizimwi kimoja kikachomoka mbio, pembe zikiyumba. "Muongo! Mara ya mwisho ulikula wewe! Leo zamu yangu!"

Kazija akakidaka mkono. "Nimechagua hiki, babu. Ukoko tutagombania njiani."