Ngoma Aliyoiagiza Nungunungu

Paukwa!

— Pakawa.

Hiyo ni pakawa au mgonjwa anakohoa? Mvua inapiga bati namna hii, halafu nyinyi mnaninong'oneza? Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Wewe Semeni, geuza hindi lile, linaungua upande mmoja. Hoza, mpishe mdogo wako Mwanaidi akae karibu na moto, wewe nyama unayo ya kutosha. Na baba yenu mdogo Mbelwa huko chumbani, aliyejifungia na kompyuta tangu asubuhi, akipenda kusikia asikie. Ukuta wenyewe wa mbao.

— Bibi, baba mdogo anangoja nini mle ndani?

Anangoja kitu chake. Ameanzisha kampuni. Ana wazo la programu ya simu, ya kuwakutanisha wakulima wa mboga na wanunuzi. Wazo zuri, sikatai. Lakini kuitengeneza amewapa mafundi wa mji wa mbali, watu ambao hajapata kuwaona hata nyusi. Mwezi wa nne huu anangoja wamalize wamletee. Chakula nampelekea mlangoni, anakula peke yake. Sasa niacheni, nataka kusema habari za Nungunungu.

Zamani, zamani hasa, bibi yangu mimi hajaota jino la kwanza, palikuwa na Nungunungu aliyekaa peke yake juu ya kilima. Hakuwa mbaya. Hakuwa mchoyo. Ila alikuwa na miiba, na mwenye miiba watu humsalimia kwa mbali. Wakikutana naye njiani husema, "Hujambo bwana," huku wanasogea kando.

Nungunungu akipika viazi, alipakua sahani mbili. Moja yake. Ya pili aliiweka ng'ambo ya mkeka, mahali pa mgeni. Ikapoa pale. Asubuhi akaila mwenyewe, baridi.

Na kila siku jua likipungua alikaa mlangoni akauliza. Mimi nitauliza, nyinyi mjibu. Nani yuko kwangu?

— Hakuna!

Nani mwenzangu?

— Hakuna!

Msijibu kwa furaha hivyo. Hilo ni neno la huzuni.

Basi siku moja Nungunungu akapata wazo. Wakati huo ngoma zilikuwa za kucheza tu, ya kuita watu haikuwepo duniani, watu waliitana kwa midomo. Nungunungu akawaza, "Nikipata kitu cha kupiga, kikatoa sauti kubwa, sauti ikashuka bondeni ikapanda vilima vya pili, wote watasikia. Watakuja kwangu." Wazo likamkaa. Akaliangalia huku, akaliangalia huku, likawa zuri kila upande.

Akapita Kunguru. Kunguru kazi yake ilikuwa kupeleka maneno ya watu. Akasikia habari ya ngoma, akacheka mpaka akakaa chini.

"Uitengeneze wewe? Kwa kucha hizo? Bwana wee, mafundi wapo tele ng'ambo ya mto, nawajua wote. Wewe tulia nyumbani. Nitapeleka maneno yako, nitakuletea kazi imekwisha."

"Kweli?"

"Kweli tupu. Nipe viazi vya njiani."

— Kunguru mlafi huyo!

Semeni, ngoja kwanza. Bado hujamjua.

Kunguru akaruka, akaenda kwa Mama Mchwa, fundi wa kutoboa magogo. Akamwambia, "Yuko bwana mmoja anataka mzinga wa ngoma." Mama Mchwa akauliza, "Mwenyewe yuko wapi? Gogo la ngoma hatulipimi kwa kamba. Mwenye ngoma hulikumbatia, na pale mikono yake inapokutana ndio upana wake. Mwambie aje akae nasi siku saba. Chakula kipo, na sisi tu wengi, hatakosa wa kuzungumza naye."

Kunguru akarudi kilimani. "Anasema uende ukakumbatie gogo, ukae nao siku saba."

Nungunungu akaangalia uwanja wake. Alikuwa anaufagia kwa ajili ya wageni. Akasema, "Nikiondoka siku saba, na akaja mtu, je? Atakuta mlango umefungwa. Mwambie apime ajuavyo, yeye ndiye fundi."

Basi Mama Mchwa akaambiwa hivyo, akangoja bado, akachoka. Kiboko alikuwa anapita kwenda mtoni. Akaambiwa, "Hebu kumbatia gogo hili." Kiboko akakumbatia. Wakatoboa kwa kipimo cha Kiboko.

— Ngoma ya kiboko!

Na Nungunungu kule kilimani, amemaliza kufagia, amekaa mlangoni. Nani yuko kwangu?

— Hakuna.

Ehe, sasa mmejibu vizuri.

Kunguru akaruka tena, akaenda kwa Kigogota, ndege wa kugonga miti, fundi wa vigingi. Vigingi ndivyo vinavyoishika ngozi ya ngoma isilegee. Kigogota alikaa peke yake ndani ya mti mkavu. Kila siku alikuwa akigonga, ko ko ko, na hakuna aliyemuuliza anagonga nini. Aliposikia habari ya ngoma alifurahi. Akauliza, "Mwenyewe anapiga kwa mkono gani, wa kulia au wa kushoto? Vigingi hufuata mkono. Mwambie aje tukae siku tatu tu. Nina viazi vya kuchoma. Na mimi pia, mwambie, sina mtu hapa."

Kunguru akarudi. Mambo ya mkono akayasema. Mambo ya viazi na ya siku tatu akayasema. Lile la kusema sina mtu hapa akaliacha njiani, aliona si la kazi.

— Kwa nini hakulisema?

Kwa sababu hakuagizwa hisia, aliagizwa vigingi. Na Nungunungu akajibu vilevile, "Nikiondoka siku tatu, na akaja mtu, je? Mwambie apigilie ajuavyo."

Nungunungu alikuwa anapiga kwa kushoto. Kigogota akapanga vigingi vya kulia. Hakuambiwa, angejuaje?

Nani mwenzangu?

— Hakuna.

Kunguru akaruka mara ya tatu, akaenda kwa Fisi, fundi wa ngozi. Msicheke. Fisi ndiye anayezijua ngozi kuliko wote, tangu mdogo ameishi nazo mdomoni. Fisi akasema, "Sikiliza vizuri wewe Kunguru, hii ndiyo kazi yenyewe. Ngozi huwambwa ikiwa mbichi. Ikiwa mbichi inasikia. Anayeishika, akasema neno juu yake, ngozi hukauka na sauti yake. Ikishakauka basi, haisikii tena. Mwambie mwenye ngoma aje aishike mwenyewe. Mchana mmoja tu."

Kunguru akarudi. Nungunungu siku hiyo alikuwa ametandika mikeka, uwanja mzima mikeka, ya watu mia. Akasema, "Mchana mmoja? Na akaja mtu mchana huohuo, je? Kunguru, we mwambie Fisi neno langu ni 'Njooni.' Alisemee yeye. Neno ni lilelile."

— Aa, bibi! Sauti ya fisi!

Hoza, umeshaona. Yeye hakuona. Fisi akaishika ngozi mbichi, akaivuta kwa nguvu zake, akasema lile neno kwa moyo safi kabisa, kwa sauti yake yote. Fisi hakumdhulumu mtu. Alifanya alichoambiwa.

Ngoma ikaletwa. Ooo, ngoma! Inang'aa, kubwa kuliko nyumba ya Nungunungu. Akaizunguka mara tatu. Kuikumbatia, mikono haifiki. Kuipigia kushoto, kigingi kinamgonga kiwiko. Akapika viazi kwanza, sufuria saba. Akapanga sahani kwenye mikeka yote. Kisha akapanda juu ya jiwe, akainua mkono akapiga.

Ngoma ikasema, "Njoo-oooni! Hiii hi hi hi! Njoo-ooo-ooni!"

Bonde zima likatimka! Sungura huyo. Swala huyo. Kobe, kobe mwenyewe, alikimbia siku ile. Ndege wakaondoka mitini. Nungunungu akadhani hawajasikia vizuri. Akazidi kupiga, maskini. Kadiri alivyopiga ndivyo walivyokimbia.

— Wote?

Wote. Zamani walimsalimia kwa mbali. Sasa hata huko mbali hakukuwa na mtu. Akashuka kwenye jiwe, akakusanya sahani, moja moja. Viazi vimepoa. Hajui hata amekosa nini.

Akamwita Kunguru. "Ngoma yangu ina sauti ya nani?"

Kunguru akasema, "Mimi mpelekaji tu, bwana. Ndani ya ngoma sikuingia." Akaenda zake.

Nungunungu akajaribu kuitengeneza. Akachomoa kigingi kimoja, ngozi ikalegea. Akakirudisha, hakikai. Akachomoa cha pili, cha kwanza kikaanguka. Ngoma ni yake, wazo ni lake, na hajui kigingi gani kilitangulia. Hapo akakaa chini akalia. Alilia hasa, miiba inatikisika.

Nani yuko kwangu?

— Hakuna.

Mwanaidi, unalia nawe? Kula hindi, mama. Bado.

Nungunungu akafunga mlango. Siku hiyo hakusema akija mtu je, alijua haji mtu. Akavuka mto mwenyewe. Akafika kwa Mama Mchwa, akasimama. Mama Mchwa akamtazama, akasema, "Tulikuita, mwanangu." Akampa gogo. Akalikumbatia. Mikono yake mifupi, gogo likawa dogo, kama kinu cha kutwangia kitunguu saumu. Akakaa siku saba. Akatoboa vibaya, wakamwonyesha, akatoboa vizuri. Walikula pamoja, mchwa elfu na Nungunungu mmoja, na miiba yake waliizoea siku ya pili.

Akaenda kwa Kigogota. Akachoma viazi naye siku tatu. Kigogota akamuuliza, "Mkono gani?" Akainua wa kushoto. Wakachonga vigingi vya kushoto.

Kisha wakaenda wote wawili kwa Fisi. Fisi akatoa kipande cha ngozi mbichi. Nungunungu akaishika mwenyewe, Kigogota akawa anagongelea vigingi, ko ko ko. Fisi akasema, "Sema neno lako sasa, kabla haijakauka." Nungunungu alitaka kusema njooni. Mdomo ukamkatalia. Lililotoka ni lile lake la siku zote, kwa sauti ya kutetemeka: "Nani yuko kwangu?"

Na Fisi, anayecheka kila kitu, hakucheka.

Nungunungu akarudi kilimani na kangoma kake. Akainama kwanza, akatazama mchangani. Siku zote zile alizokuwa hayupo, je, kuna unyayo wa mtu aliyekuja?

— Hakuna.

Hakuna hata mmoja. Alichokuwa anakilinda muda wote ule hakikuwepo.

Akapiga kangoma. Sauti nyembamba, yenye mkwaruzo, inaishia kwenye kijito, haivuki. Nani yuko kwangu? Siku ya kwanza hakuja mtu. Akala, sahani ya pili ikapoa. Siku ya pili hakuja mtu. Sahani ya pili ikapoa. Siku ya tatu akapiga tena. Nani yuko kwangu?

— Haku...

Shh! Semeni, funga mdomo. Sikilizeni wote.

Kutoka kwenye matawi, sauti ndogo ikajibu, "Mimi."

Alikuwa Kigogota. Akatua ukingoni mwa mkeka. Akasema, "Nilikuwa napita kijitoni nikasikia sauti. Nikaijua. Nilikuwepo ilipokuwa inaingia ngozini."

Mikeka ilikuwa ya watu mia, wakakaa wawili. Sahani ya pili ikaliwa ingali moto. Basi.

— Na wengine, bibi? Walikuja?

Sikuambiwa. Nimeambiwa huyo mmoja.

Sasa mnisikilize. Fundi ni fundi, kazi mpeni. Hata Nungunungu alihitaji mafundi, bila wao asingepata hata kigingi. Lakini kile cha kwanza kabisa, kile chenye neno lako ndani, usikae nyumbani ukingoje kiletwe. Nenda ukakishike kingali kibichi, uchafuke na hao mafundi, ule nao. Nungunungu alikuwa anatafuta watu, na watu walikuwa huko kwenye kazi, wanamwita mara tatu, na yeye anafagia uwanja.

Ngano yangu inakomea hapa penye majivu. Aliyeipenda aondoke nayo. Aliyeichukia aniongezee kuni.

— Bibi! Mlango umelia!

Nimesikia, mimi si kiziwi. Nani huyo jikoni kwangu?

— Mimi, mama.

Mbelwa. Macho mekundu hayo, baba. Sogea, Hoza, mpishe.

— Mama, wale mafundi waliniandikia mara tatu. Wanauliza mkulima mwenyewe anaitaka vipi. Nikawajibu wafanye wanavyojua.

Na wewe unajua mkulima anaitaka vipi?

— Sijui.

Basi wewe ndiye uliyeulizwa. Kesho tutakwenda bondeni kwa Mzee Shekue, analima kabichi, utakaa naye mpaka ujue. Kisha panda basi uwafuate hao mafundi huko waliko. Leo kaa hapa. Semeni, mpe baba yako mdogo lile hindi la pili, kabla halijapoa.